Kiganja Nyuma ya Mlango wa Darasa la Kwanza

Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka niwasikie mkipumua, maana sauti yangu leo haina nguvu ya kumfuata kila mtu kwenye kona alikonunia. Wewe kitinda mimba wangu, washa hiyo simu uliyoniahidi, uiweke hapa kifuani karibu na kidevu, na usije ukaniambia katikati ya maneno kwamba imejaa picha za harusi ya rafiki yako. Zifute sasa hivi, bibi harusi hatajua. Imewaka? Basi na ijulikane kwamba anayesema ni mimi, baba yenu, fundi mwashi, ambaye mji huu wote unamwita Mzee Saruji, nimelala kitandani kwangu saa tisa za mchana, akili zangu ninazo zote, zile chache nilizozaliwa nazo, na daktari aliyetoka hapa asubuhi hakunificha kitu, ingawa alijitahidi sana kuangalia viatu vyake.

Mali tuimalize kwanza kwa kuwa ni ndogo. Nyumba hii ni yenu wote watatu. Asiuze mtu peke yake, wala asijenge mtu ukuta katikati, maana nawajua, nimewalea. Mwiko wangu, timazi na ile pimamaji yenye kioo kilichopasuka ni vya dada yenu, ambaye amekuwa fundi mbele ya macho ya watu waliosema mwanamke hapandi jukwaa la ujenzi, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Baiskeli ni ya kitinda mimba, ambaye anaijua kuliko sisi sote kwa sababu ndiye aliyekuwa akiiiba. Na wewe kifungua mimba wangu, mkandarasi wangu, chukua redio na lile koti la safari, limepita miji minane pamoja nami, na mitatu kati ya hiyo tulikaa kwa kukosa nauli ya kurudi. Najua ulichokitaka ni kingine. Ulitaka lile shimo la chokaa nyuma ya jiko lifukiwe, upate pa kuegesha lori lako. Shimo siwezi kukupa, na si kwa ubahili. Shimo si langu. Nitafika huko, nipeni maji kidogo.

Ahsante. Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wewe uliyesimama mlangoni umekunja mikono.

Keshokutwa asubuhi kamati ya shule itakaa ndani ya darasa la kwanza la jengo la zamani, hilo ambalo ninaona pembe ya paa lake kutoka hapa kwenye mto, na watatia sahihi kwamba livunjwe. Mhandisi alikuja, akagonga ukuta wa mashariki kwa kinundu cha kidole, unga ukamwagika kwenye kiatu chake, akaandika kwenye karatasi kwamba jengo limechoka kwa uzee. Kazi ya kulivunja amepewa mwanangu huyu wa kwanza, kazi yake kubwa ya kwanza tangu awe na kampuni, na amekwisha kuosha lori na kuandika jina ubavuni kwa rangi ya bluu. Ulinileta nje kwenye kiti nilione. Nikakusifia rangi. Baba yako nilikuwa na jambo la kukuambia siku ile, nikakusifia rangi.

Jambo lenyewe ni hili, na simu ilishike vizuri: lile jengo halikuchoka kwa uzee. Mimi ndiye niliyelichosha.

Lilijengwa na babu za babu zenu, na hakuna tajiri aliyeweka mkono pale. Kila nyumba ilitoa mawe, watu wakayabeba kichwani, na wanawake wakabeba mengi zaidi ingawa kwenye masimulizi wanatajwa wanaume. Chokaa wakaichoma wenyewe, wakailaza ndani ya maji mwaka mzima mpaka ikawa laini kama malai, ndipo wakajengea. Kuta zile ni nene kuliko mkono wangu tangu kiwiko hadi ncha ya kidole, na ndiyo maana jua likiwa la kupasua kichwa, watoto mle ndani hawatoi jasho. Mama yangu alijifunzia humo kusoma. Mama yenu nilimwona humo kwa mara ya kwanza, madawati mawili mbele yangu, nikamrushia ganda la penseli, naye akasimama akanishtaki kwa mwalimu. Tabia hiyo hakuiacha mpaka anaingia kaburini. Kizingiti cha darasa la kwanza kimelika katikati kikawa kama bakuli, kwa nyayo tu, wanangu, kwa nyayo za watoto wanaokimbilia kengele. Mhandisi hakukitazama. Alikivuka.

Na mafundi wa zamani walikuwa na desturi yao pale. Kila aliyepiga lipu jengo lile, akimaliza, alibandika kiganja chake kwenye lipu mbichi, chini nyuma ya mlango wa darasa la kwanza, mahali ambapo mlango ukifunguliwa hapaonekani. Hawakuandika jina. Kiganja tu, ili fundi atakayekuja baadaye, akipiga magoti kutengeneza, ajue kwamba kuna mtu alipiga magoti hapo kabla yake.

Ukuta wa chokaa una adabu zake. Maji ya ardhini huupanda kutoka chini, nao huyatoa taratibu usoni, kila mwaka miguuni mwa ukuta unaanguka unga kidogo, na kila mwaka baada ya mvua fundi anakuja anaziba kwa chokaa. Fundi huyo alikuwa mjomba wenu, shemeji yangu. Alikuja na karai lake, anafanya kazi kama mtu anayemsuka mwanawe nywele, wiki tatu, hana haraka, na shimo lake la chokaa lilikuwa hapa hapa kwangu nyuma ya jiko, kwa kuwa kiwanja hiki kilikuwa karibu na shule na sisi tulikuwa ndugu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka mjini na cheti na kofia. Miaka thelathini na mmoja iliyopita. Cheti sikumbuki kiliandikwa nini, lakini kofia ilikuwa nzuri. Saruji ndiyo ilikuwa imeingia kwa wingi, kila mtu anaitaka, na mimi nikasimama kwenye mkutano wa wazazi nikasema nipeni mifuko ya saruji na miezi miwili, nitaipiga shule hii lipu ambayo haitaguswa mpaka wajukuu wetu wazeeke. Watu wakapiga makofi. Mjomba wenu akainuka. Hakuwa mtu wa maneno, alisimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Shemeji, ukuta huu unakunywa miguuni na kutoa jasho kifuani. Ukiuvalisha saruji, jasho hilo litapitia wapi?"

Lilikuwa swali la kifundi. Na mnajua baba yenu nikikosa jibu hufanya nini.

Nikasema, "Mwenye jasho ni shemeji mwenyewe, mwambieni akaoge."

Mkutano wote ukaangua kicheko, mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani, na mimi kichwa kikanivimba, nikaongeza na mengine ambayo siyasemi mbele ya simu. Kuanzia siku ile mjomba wenu akaitwa Jasho. Watoto wa shule wakamwita Jasho, sokoni wakamwita Jasho, na nani atamwita Jasho aje ampigie lipu sebuleni? Kazi zikamkauka. Akahamia ng'ambo ya daraja, na hakurudi kuchukua chokaa yake. Mama yenu hakucheka utani wangu wowote kwa mwaka mzima. Nilikuwa nikisema jambo la kuchekesha, nyumba nzima inacheka, yeye ananiangalia tu kama anayengoja mgeni aondoke.

Nikapiga lipu. Ikang'aa, laini kama yai, na watu walikuja kuipapasa. Wakabandika kibao cha shaba kando ya mlango mkuu, na viganja vya wale wazee nyuma ya mlango nikavifunika kwa saruji, nikaweka changu juu, kimoja, kikubwa, nimetanua vidole.

Baada ya mvua ya nne niliona. Juu ya lipu yangu, urefu ambao maji hayakuwahi kufika enzi za chokaa, palikuwa na mstari mweupe wa chumvi. Maji yalikuwa yamekosa pa kutokea, yakaendelea kupanda. Nikafanya nini? Nikapaka rangi ya mafuta. Fundi mzima. Nilikuwa sawa na mtu anayemziba mgonjwa pua kwa sababu anakohoa.

Mnisogezee mto. Hapo. Hapo panatosha.

Miaka kumi na miwili baada ya kofia ile nilikwenda kufanya kazi nchi za watu, mnakumbuka, wewe kitinda mimba ulikuwa bado unatambaa. Ule mji ulikuwa na majumba ya kale mengi, na msimamizi wetu alikuwa mama mmoja mwenye mvi, mkali, aliyekagua mikono ya mafundi kabla ya vyeti vyao, jambo lililoniokoa. Siku ya kwanza nikachukua mwiko. Akaniambia weka chini, shika tindo. Hapa hujengi, hapa unaondoa. Tukabandua saruji kwenye ukuta wa soko la kale, na kila kipande kilichoanguka, nyuma yake mawe yalikuwa yameloa na chokaa kati ya mawe imekuwa tope. Nikamuuliza nani alifanya hivi. Akasema, "Fundi mjinga mmoja. Kila mji una wake." Jamani, katika mafundi ishirini waliokuwa pale, mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu nikaenda nyuma ya rundo la mawe, nikakaa.

Nilirudi nyumbani nikiwa najua. Na nikanyamaza miaka kumi na tisa. Kila mwaka nilisema mwaka huu, na kila mwaka nikikaribia kusema, napita mbele ya kile kibao, au mtoto ananisalimia "shikamoo Mzee Saruji", na mdomo unafunga. Kitu pekee nilichoweza kukifanya ni kile mlichokuwa mkinicheka: kila wiki nimwage maji kwenye shimo la mjomba wenu, niifunike chokaa yake kwa mbao na bati, isikauke. Niliwaambia lina nyoka ili msilikaribie. Halina nyoka. Chokaa ikilala ndani ya maji inazidi kuwa nzuri kila mwaka, na ile pale imelala thelathini na mmoja. Hakuna fundi aliye hai katika mji huu aliyewahi kushika chokaa kama hiyo.

Usitoke.

Mwanangu, usitoke. Huo mlango unalia bawaba, nasikia ulipo. Mwache, dada yake, usimvute, arudi kwa miguu yake.

Wewe kitinda mimba, endelea kuiangalia simu, haya yanayofuata ni ya kamati. Ndugu wajumbe, shikamooni nyote mlionizidi umri, ingawa sijui mmebaki wangapi. Msiamini neno langu, nimewadanganya muda mrefu. Nendeni stoo ya darasa la tatu, lisogezeni lile kabati la ramani. Nyuma yake, miezi minne iliyopita kabla miguu haijanikataa, nilibandua saruji kipande cha mraba, dhiraa moja kwa dhiraa moja. Mawe yalikuwa yanatiririka machozi. Nikaacha wazi. Wekeni mkono mmoja pale nilipobandua, na mwingine pembeni kwenye lipu yangu. Pale pamekauka. Lile ni jiwe zima, gumu, linaloweza kusimama miaka mingi kuliko majina yetu. Ukuta wa mashariki unatoka unga kwa sababu ya nguo niliyouvalisha. Uvueni. Baada ya hapo, kama mhandisi akipima tena akaona haufai, vunjeni, sitafufuka kubishana. Lakini msilivunje jengo la watu wale kwa kosa la mtu mmoja aliyetaka kuchekesha mkutano.

Na kile kibao cha shaba, king'oeni.

Umerudi. Kaa hapa kitandani, kitanda kinakuhimili, nilikiunga mwenyewe, ndiyo, najua, usiniangalie hivyo, mbao nilikuwa naziweza. Sema unachotaka kusema.

Unauliza kwa nini nisikuambie kabla hujaandika jina kwenye lori.

Kwa sababu nilikuwa nakuonea fahari, na fahari yangu siku zote imenifunga mdomo. Hilo ndilo jibu, na si zuri. Mwanangu, nakunyang'anya kazi mikononi, tena mbele ya watu, na nakuomba radhi, mimi baba yako, jambo ambalo ulipokuwa mdogo ungelipa nauli kuliona. Lakini hebu fikiri kifundi. Kubomoa utabomoa, utabomoa saruji yangu, kuta nne ndani na nje, na lori lako litaibeba yote, hata sijui safari ngapi. Maji ya paa yanaanguka miguuni mwa ukuta, wanahitaji mtu wa kuchimba mfereji uyapeleke mbali. Boriti tatu za paa zimeoza vichwa. Nenda keshokutwa na kazi hiyo mkononi, usiende mikono mitupu. Wakandarasi wanaojua kuangusha wamejaa barabarani. Anayejua kubakiza, ukimwondoa dada yako, simjui.

Umecheka kidogo. Nimeona. Usijifanye kukohoa.

Sasa binti yangu, njoo upande huu, sikio la kulia ndilo linalosikia, la kushoto ninalo kwa ajili ya urembo. Mtaanzia juu kushuka chini. Tindo nyembamba na nyundo ndogo, mashine isiguse pale, hata kaka yako akisema ni mara moja tu. Mkishabandua, acheni ukuta upumue kiangazi chote, msiwe na haraka ya watu wenye kofia. Ndipo chokaa, tabaka jembamba, lishike, kisha jingine, na magunia yaliyoloweshwa yatundikwe juu yake jua lisiikamue. Vipimo vya mchanga sivijui vizuri. Sikuwahi kuvijua. Anayevijua ni mmoja.

Nenda ng'ambo ya daraja. Nenda leo, kabla jua halijazama. Anakaa kwa binti yake, nyumba ya mwisho kabla ya kisima. Mikono inatetemeka sasa, nimesikia, lakini mdomo ni mzima, atakaa kwenye kiti na kukuelekeza. Mwambie lile shimo ni lake, sikulifukia. Mwambie halikukauka hata wiki moja. Mwambie... lile swali lake, jibu ni kwamba halikuwa na pa kupitia. Alikuwa sahihi. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze utani. Na mbele ya kamati, na sokoni, na popote, muiteni Fundi. Mkisikia mtu anamwita lile jina jingine, mwambieni mwenye jina hilo ni Mzee Saruji, kalirithi, kaenda nalo.

Akikataa kuja, msimlaumu. Akija nikiwa bado nipo, mleteni hapa hata kama nimelala. Mniamshe. Hata nikionekana... mniamshe.

Maji. Hapana, basi. Nilowesheni midomo tu.

Watoto wametoka mapumziko. Mnawasikia? Wanapita kwenye kizingiti.

Kuna kitu sikuwaambia. Nilipobandua kule stoo, nilikwenda pia darasa la kwanza. Nyuma ya mlango. Nikapiga magoti, na kuinuka ilinichukua nusu saa, nilidhani watanikuta hapo asubuhi. Nikabandua kiganja changu. Kilitoka kizima kama ganda, hakikushika kitu, wanangu, kilikuwa kimesimama peke yake miaka yote hiyo. Na chini yake vyao vilikuwepo. Vinne. Vidole vyote. Cha mjomba wenu kiko kulia, kidogo, nilikijua kwa kile kidole kilichopinda. Nikaweka changu juu yake. Chokaa ilikuwa na baridi.

Mungu awakuze. Awape riziki isiyowaaibisha, na mdomo wa kusema mapema. Mpendane kidogo kuliko mnavyogombana... hapana, nimekosea. Zaidi. Zaidi ya mnavyogombana. Kifungua mimba, Mungu akupe kazi nyingine kubwa kuliko niliyokunyima. Kitinda mimba, usitembee na simu mkononi barabarani. Radhi zangu nawapa zote, sibakizi.

Binti yangu. Uko wapi. Nipe huo mkono.

Mkimaliza ukuta, lipu ikiwa bado mbichi. Chini, nyuma ya mlango. Pale kilipokuwa changu, kando ya vile vinne, pana nafasi.

Weka chako.

Usibonyeze sana. Taratibu tu, kama unamgusa mtu aliyelala.